Pawa ya miwani ya mtoto inapanda kila mwaka: lenzi za jichoni zitaituliza?

SWALI

Assalaam aleikum daktari. Binti yangu ana miaka 9, yuko gredi ya nne hapa Tudor, Mombasa. Alianza miwani akiwa na miaka 7 kwa pawa ya –1.00. Sasa jicho la kulia ni –2.75 na la kushoto –3.00, na astigmatizimu ya –0.50 kila jicho. Baba yake yuko –8.00. Duka la miwani wametwambia kuna lenzi maalumu za kuvaa ndani ya jicho zinazozuia pawa isipande, za mchana na za usiku. Mwanangu yuko chuoni (madrasa) kila jioni, anatawadha, na Jumapili tunashuka pwani kuogelea. Nina mdogo wake pia wa miaka 5. Je, lenzi hizi ni za kweli? Ni salama kwa mtoto? Tuchukue zipi?

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Lenzi hizo ni za kweli, na mtoto ambaye pawa yake imepanda karibu dayopta mbili (dayopta ni kipimo cha pawa) kwa miaka miwili ndiye hasa zilizotengenezewa. Ila neno "kuzuia" limezidi kipimo. Zinapunguza kasi. Pawa ya binti yako itazidi kupanda, lakini polepole. Na kuhusu zipi mchukue, jibu linategemea zaidi namna maji yanavyoingia katika siku yake kuliko pawa yake.

Tuanze na jicho lenyewe. Mtoto asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho refu. Jicho la mtu mzima lina milimita 23.5 hadi 24 hivi kutoka konea, kioo cha mbele cha jicho, mpaka retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Likizidi kwa milimita moja, picha inaangukia mbele ya retina na mtu anahitaji takriban dayopta 2.5 za miwani. Miwani ya kawaida inairudisha picha mahali pake, lakini urefu unabaki na unaendelea. Retina inawambwa kama ngozi ya ngoma, na ikiwambwa sana inachanika au inachakaa. Ndiyo maana watu waliovuka –6.00 wako katika hatari zaidi ya retina kubanduka, makula (kitovu cha retina) kuharibika, presha ya macho, na mtoto wa jicho kuja mapema. Wataalamu wanakadiria kwamba kila dayopta moja tunayoiokoa inapunguza uwezekano wa maradhi ya makula ya macho marefu kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo tunachopigania hapa ni urefu wa jicho. Kuona ubao vizuri ni faida ya papo hapo, na hata miwani ya kawaida inaitoa. (Na baba yake, kwa –8.00, akachunguzwe retina kila mwaka kwa matone ya kupanua mboni, hata kama haoni tatizo lolote. Akiona vimulimuli au pazia jeusi pembeni, aende siku hiyo hiyo.)

Miwani ya kawaida huweka picha ya katikati juu ya retina, lakini picha za pembeni huangukia nyuma yake, na inaonekana jicho linalokua hurefuka likizifuata. Lenzi hizi maalumu hufanya kinyume. Katikati zinampa mtoto uoni safi wa mbali, na pembeni zinaleta sehemu ya mwanga mbele ya retina. Kwa jicho, hiyo ni ishara ya kutulia.

Lenzi laini ya mchana iliyochunguzwa zaidi ni MiSight 1 day, inayovaliwa asubuhi na kutupwa jioni. Marekani iliiidhinisha Novemba 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12, pawa kati ya –0.75 na –4.00, na astigmatizimu (konea kutokuwa duara sawasawa) isiyozidi 0.75. Binti yako yumo ndani ya mipaka yote hiyo leo. Akiendelea kwa kasi hii, baada ya mwaka mmoja na kitu huenda pawa ya jicho la kushoto ikawa imeshavuka mpaka huo. Katika utafiti wa miaka 3, watoto waliovaa lenzi hizi walipanda kwa dayopta 0.51, na waliovaa lenzi za kawaida walipanda kwa 1.24. Macho ya wa kwanza yalirefuka milimita 0.30, ya wa pili 0.62. Watoto wa kundi hilo la pili nao walikuwa wamevaa lenzi kila siku. Kwa hiyo mtu akikuuzia lenzi ya kawaida ya jichoni akidai itatuliza pawa kwa sababu tu iko ndani ya jicho, usinunue.

Zipo pia lenzi laini za kutumia mwezi mmoja, zilizotengenezewa watu wazima wanaohitaji msaada wa kusoma. Baadhi ya wataalamu huzitumia kwa watoto pale ambapo zile za siku hazipatikani, na hilo lina msingi: utafiti wa Marekani wa watoto 294, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba zenye nyongeza (pawa ya ziada ya kusomea) ya +2.50 zilifikisha kupanda kwa dayopta 0.60 katika miaka 3, dhidi ya 1.05 kwa lenzi za kawaida. Lakini za nyongeza ya +1.50 hazikuleta faida ya kutegemewa, na aina inayotakiwa ni ile yenye uoni wa mbali katikati, ambayo mara nyingi ina herufi D kwenye paketi. Yenye uoni wa karibu katikati siyo. Zote mbili zinaitwa kwa jina lile lile dukani, basi isome paketi mwenyewe.

Za usiku ni jambo jingine kabisa. Ni lenzi ngumu inayopitisha hewa, inayovaliwa wakati wa kulala, na kazi hiyo huitwa ortokeratolojia. Inaikandamiza konea taratibu katikati na kuiacha iinuke kidogo pembeni, kisha asubuhi inatolewa na mtoto anaona siku nzima bila chochote jichoni. Kwa pawa ya hadi –4.00 hufanya kazi vizuri. Juu ya hapo mtu mwenye ujuzi anaweza kufika –6.00, ila matokeo hayana uhakika ule ule. Utafiti wa Hong Kong wa 2012 ulikuta macho ya watoto waliozivaa yalirefuka polepole zaidi kwa asilimia 43 katika miaka 2. Lenzi ya usiku haiwezi kupimwa kwa kukisia: lazima kliniki iwe na mashine ya kuchora ramani ya konea, na mtoto aonekane asubuhi baada ya usiku wa kwanza, baada ya wiki, baada ya mwezi, halafu kila miezi mitatu. Kliniki isiyo na mashine hiyo isikuuzie lenzi za usiku.

Sasa maji. Adui mkubwa wa mvaaji lenzi ni maji yoyote yasiyo ya chupa ya dawa ya lenzi. Yawe ya mfereji kutoka Mzima au Baricho, ya kisima chenye chumvi, ya tangi la juu ya paa, yaliyochemshwa, ya chupa ya dukani, hata Zamzam tunayoiheshimu: yote hayaingii kwenye lenzi wala kwenye kijaluba chake. Sababu ina jina, akantamiba, kijidudu kinachoishi katika maji ya kawaida na hata ya mfereji. Kikinaswa kati ya lenzi na konea kinaweza kuleta kidonda kinachotibiwa kwa miezi na kinachoweza kuacha kovu la kudumu. Bakteria nao hufuata njia hiyo hiyo. Kwa lenzi za usiku, uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa 2013 ulikadiria maambukizi ya konea kwa watoto kuwa karibu 14 kati ya 10,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini kila moja ni jicho la mtoto, na nyingi zinahusiana na usafi. Lenzi ya kutupwa kila siku iko chini zaidi kwa hatari, kwa sababu hakuna kijaluba, hakuna dawa ya kuoshea, na uchafu wa jana haupo leo.

Ukitazama kwa haraka utasema za usiku zinamfaa zaidi mtoto anayetawadha na kuogelea, kwa kuwa mchana jicho liko wazi. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Lakini za usiku zinahitaji saa 8 za usingizi. Mtoto anayelala saa nne usiku na kuamshwa alfajiri hazifikishi, na mwezi wa Ramadhani, daku ikikata usiku katikati, uoni wa mchana unayumba. Na lenzi ngumu lazima isuguliwe na kusuuzwa kila asubuhi, mara nyingi juu ya sinki, mfereji ukiwa umbali wa kidole. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni hilo la kusuuza kwa maji ya mfereji kwa sababu dawa imeisha.

Kwa hiyo kwa binti yako ningeanza na za mchana za kutupwa, na ningezipanga hivi. Zinahitaji angalau saa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Akizivaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya kutawadha na kuswali alfajiri, na kuzitoa saa kumi na moja na nusu jioni kabla ya magharibi, amefikisha saa 11. Zimebaki udhu mbili tu, adhuhuri na alasiri. Maji hayatakiwi kuingia ndani ya jicho wakati wa udhu. Afumbe macho kwa nguvu, apitishe kiganja chenye maji usoni bila kujirushia, na akaushe kope kwa taulo safi kabla ya kufumbua. Mkiwa na wasiwasi wa kifikihi, muulizeni ustadhi wake. Maji yakiingia na jicho likawasha, aitoe na kuitupa, avae miwani siku hiyo. Ndiyo faida ya lenzi ya siku moja: hakuna sababu ya kuing'ang'ania. Na Jumapili ya pwani ndiyo siku yake ya saba. Asiingie baharini wala bwawani nazo kamwe, hata akivaa miwani ya kuogelea.

Jioni chuoni atakuwa na miwani yake, kwa hiyo pawa ya miwani lazima iwe ya sasa na kamili. Kuna ushauri wa zamani wa kumpa mtoto pawa pungufu ili "jicho lisizoee". Umejaribiwa, na watoto waliopewa pawa pungufu walipanda kwa kasi zaidi. Msahafu uwe juu ya marufaa, umbali wa kutoka kiwiko hadi konde la ngumi, si kifuani.

Kuvaa afundishwe yeye mwenyewe kliniki, na asikabidhiwe lenzi nyumbani mpaka aweze kuzivaa na kuzitoa bila msaada. Mara nyingi huchukua vikao viwili au vitatu. Kucha ziwe fupi. Mikono ioshwe kwa sabuni isiyo ya mafuta na ikaushwe kabisa kwa taulo isiyotoa nyuzi, kwa sababu tone la maji ya mfereji likibaki kidoleni linakwenda moja kwa moja jichoni. Kuna mambo mawili ya kwetu yanayosumbua sana: mafuta ya nazi ya kusukia nywele, na pilipili ya achari au mabuyu. Mafuta yanaifanya lenzi iwe na ukungu siku nzima, na pilipili haitoki kwa kunawa mara moja. Avae lenzi kabla ya kusukwa na kabla ya kula. Wanja upakwe baada ya lenzi kuvaliwa, nje ya mstari wa kope, au usipakwe kabisa siku za shule.

Lenzi ikishatoka kwenye paketi aiweke juu ya ncha ya kidole cha shahada na kuitazama kwa ubavu. Kingo zikisimama kama bakuli iko sawa. Zikipanuka nje kama sahani imegeuzwa. Ikivaliwa imegeuzwa inachoma kidogo na kutembea jichoni. Kwa kidole cha kati cha mkono huo huo avute ukope wa chini, kwa mkono mwingine aushike ukope wa juu pale nywele za kope zinapoanzia, atazame mbele kwenye kioo, aigusishe, aachilie ukope wa chini kwanza kisha wa juu. Watoto wengi hushindwa kwa sababu wameshika ukope wa juu mbali na kope, basi jicho linafumba katikati ya kazi. Kutoa: atazame juu, aishushe lenzi kwa kidole hadi kwenye weupe wa jicho, aibane taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Ikigoma, jicho limekauka; atie matone ya kulainisha macho ya wavaa lenzi, asubiri dakika chache, ajaribu tena. Kulala chini ya feni hukausha macho sana, na asilale nazo hata usingizi wa mchana.

Sasa mambo ya kudai kliniki kabla hamjalipa chochote. Kwanza, kipimo cha pawa kwa matone ya siklopentoleti, yanayolegeza msuli wa jicho. Mtoto ana nguvu ya kukaza jicho kiasi cha kuonyesha pawa kubwa kuliko aliyonayo. Bila matone, –3.00 inaweza kuwa –2.50, na mkaanza na namba ya uongo. Pili, urefu wa jicho. Bila huo hamtajua kama lenzi inafanya kazi, hasa mkija kuchagua za usiku, maana hizo hubadilisha konea na pawa haisomeki tena. Hospitali zinazofanya upasuaji wa mtoto wa jicho zina mashine za kupima urefu. Uliza inatumia mwanga au mawimbi ya sauti. Ya mwanga haigusi jicho na inatofautisha mabadiliko ya sehemu chache za mia za milimita. Ya sauti inayoguswa kwenye konea inaweza kukosea kwa milimita 0.1 au zaidi, na sisi tunatafuta mabadiliko ya 0.1 hadi 0.3 kwa mwaka, kwa hiyo haitoshi kwa kazi hii. Pimeni siku ya kuanza, halafu kila miezi sita kwa mashine ile ile, na karatasi zote mzihifadhi. Kwa umri wake, zaidi ya milimita 0.3 kwa mwaka ni kasi. Ikiwa hivyo huku anafikisha saa zake, ni wakati wa kubadilisha mbinu au kuongeza matone ya atropini ya kiwango kidogo, dawa inayopunguza kasi ya pawa.

Hayo matone nayo yanahitaji tahadhari. Utafiti wa Hong Kong ulilinganisha atropini ya 0.01%, 0.025% na 0.05%, na ile ya 0.05% ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Atropini kali ya 1% ina nguvu mara 20 ya hiyo. Msiipunguze nyumbani kwa maji wala kwa matone mengine. Mtoto atakaa siku kadhaa mboni zikiwa wazi, jua linamchoma na kusoma hawezi, na chupa iliyochanganywa jikoni si safi.

Gharama ipigieni hesabu ya mwaka mzima. Siku 6 kwa wiki ni lenzi 313 kwa kila jicho, yaani paketi 11 za lenzi 30. Weka 12 kwa kila jicho kwa ajili ya zitakazochanika na kuanguka. Pawa za macho mawili zinatofautiana, basi paketi zisichanganywe. Zinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo agizeni mkiwa bado na za mwezi mmoja. Kama bajeti inatosha miezi minne tu, ni bora mwanzo kabisa muulize kuhusu miwani maalumu ya kutuliza pawa, zenye vilenzi vidogo vidogo pembeni, ambazo matokeo yake yanakaribiana na ya lenzi na hazina hatari ya maambukizi. Kazi hii ni ya miaka. Takriban nusu ya watoto hutulia karibu na miaka 16, na wengine baadaye. Kwa za usiku, walioacha kabla ya miaka 14 walionekana kurefuka kwa kasi baada ya kuacha.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, mwanga ukilichoma, uoni ukififia, tongotongo likiwa zito au doa jeupe likionekana juu ya konea: toeni lenzi, msirudishe, muone daktari wa macho siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili. Lenzi iliyotoka msiitupe safari hii, nendeni nayo. Na msikubali matone ya deksamethasoni (dawa ya steroidi) ya dukani. Yanaondoa wekundu na kuliacha ambukizo liendelee kuila konea chini kwa chini.

Mdogo wake wa miaka 5 ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi. Kukaa nje penye mwanga wa mchana saa 2 kwa siku kunachelewesha kutoona mbali kuanza, na hufanya kazi zaidi kabla hakujaanza kuliko baadaye. Mwanga wa nje hupita laksi (kipimo cha mwanga) 10,000 kwa urahisi, hata kwenye kivuli angavu huwa mwingi kuliko darasani, ambako mara nyingi ni 300 hadi 500. Acheze mpira, avae kofia. Na likizo ya Agosti mpelekeni naye apimwe kwa matone, siku moja na dada yake. Mtoto wa umri wake kwa kawaida huwa na akiba ya pawa chanya, yaani ya +, kinyume cha ile ya dada yake. Ikiwa yake imeshakaribia sifuri, msisubiri alalamike kwamba haoni ubao.